Simbilisi anajikuna, anaharisha au anakonda: tafuta chanzo kabla ya kushika sindano

Malalamiko ya simbilisi ni yale yale, masika na kiangazi. Wanajikuna mpaka wanatoka damu. Watoto wanaharisha wiki moja tu baada ya kuachishwa. Jike anakula kama kawaida lakini ukimpapasa mgongoni unakuta mifupa mitupu. Na karibu kila anayeniuliza ameshapita duka la dawa za mifugo, ameshanunua kitu na ameshamdunga mnyama. Hapo kazi inakuwa ngumu, maana sijui tena kama ninachokiona ni ugonjwa au ni dawa.

Nafuga upande wa Iringa, ambako simbilisi amezoea jikoni kuliko bandani. Anapita kati ya mafiga, anakula maganda ya mahindi na majani ya viazi vitamu, usiku analala karibu na majivu ya moto. Ni maisha mazuri kwake, na ni mazuri zaidi kwa wadudu: sakafu ya udongo, kuku humo humo, mbwa anapita, panya wa darini wanashuka usiku. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi. Mwishoni nimeongeza kidogo kuhusu kindi na panya buku, kwa sababu nao huulizwa.

Kwanza kabisa: mzani

Mzani mdogo wa jikoni unatosha. Mweke simbilisi kwenye bakuli, andika uzito na tarehe, rudia kila wiki siku ile ile. Simbilisi wetu wa kienyeji mkubwa mara nyingi huwa kati ya gramu 500 na 800. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito ndani ya wiki, ana tatizo, hata kama manyoya yanang'aa na anakimbilia majani. Mnyama huyu ni windo la kila mtu, kwa hiyo huficha ugonjwa hadi siku ya mwisho. Macho yako yatadanganyika, mzani hautadanganyika.

Sababu ya pili ya mzani ni dawa. Chupa ya ivermectin, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, inayouzwa madukani kwa ng'ombe na mbuzi ni ya asilimia 1, yaani mililita moja ina miligramu 10. Mililita hiyo moja ni kipimo cha ndama wa kilo 50. Mwaka juzi mama mmoja aliniletea simbilisi watatu waliolegea kama vitambaa. Alikuwa ameuziwa bomba la sindano na kuambiwa awadunge "nusu tu". Nusu mililita ni kipimo cha mbuzi wa kilo 25. Madaktari wa mifugo kwa simbilisi hutumia miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Piga hesabu kwa mnyama wa gramu 600 na utakuta ni kama mililita 0.02, sawa na uniti 2 kwenye bomba la insulini la uniti 100. Ni tone. Na usijaribu kuizimua kwa maji ili iwe rahisi kupima, kwa sababu ivermectin haiyeyuki kwenye maji: bomba moja litatoka na maji matupu, jingine litatoka na sumu.

Anajikuna, manyoya yanatoka

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na ndiyo inayokosewa zaidi. Kaa naye juani, mweke kwenye kitambaa cheupe, tenganisha manyoya kwa vidole, hasa nyuma ya masikio, mabegani na kiunoni karibu na makalio.

*Chawa.* Unawaona kwa macho. Ni wadudu wembamba wa rangi ya maziwa yaliyochacha, wenye urefu wa milimita moja hadi mbili, na wanatembea polepole kati ya nywele. Mayai yao yamegandishwa chini ya unywele. Ukipuliza hayaondoki, na hapo ndipo unapoyatofautisha na mba. Chawa wa simbilisi ni wa simbilisi. Hawakai kwa mtu, hawakai kwa kuku, na wakitengwa na mwili wa mnyama hawadumu. Mnyama mwenye chawa wachache anaweza asionyeshe lolote. Ukiona wamejaa, jiulize kwanza huyu mnyama ana nini kingine, kwa sababu aliye na afya hujisafisha na kuwapunguza mwenyewe. Poda ya kunyunyizia yenye nguvu ndogo, iliyoruhusiwa kwa wanyama wadogo, hufanya kazi vizuri. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, kwa kuwa poda haiui mayai. Watibu wote kwa siku moja, hata wale wanaoonekana wazima.

*Upele wa utitiri.* Huu hauonekani kwa macho. Utitiri wenyewe, unaoitwa kitaalamu Trixacarus caviae, ni ndugu wa ule unaoleta upele kwa binadamu na unachimba ndani ya ngozi. Dalili yake haifanani na ya chawa: ngozi inakuwa nene, ya njano njano, yenye magamba na nyufa, kuanzia mabegani na mgongoni hadi mapaja. Mnyama hajikuni kidogo kidogo, anajichana. Wengine hufikia kuzunguka chumba wakikimbia ovyo, kisha wanaanguka na kutetemeka mwili mzima. Watu husema amepatwa na kifafa, au amerogwa na jirani. Ni mwasho. Ukimshika tu au kumsugua unaweza kukianzisha kishindo hicho tena, kwa hiyo acha kumwogesha, acha kumkwangua magamba, mweke mahali tulivu penye giza kidogo.

Uthibitisho hupatikana kwa kukwangua ngozi na kutazama kwenye hadubini, ingawa hata hadubini huwakosa mara kwa mara. Dawa ni ivermectin kwa kipimo nilichotaja, ikirudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10, si chini ya mara tatu, kwa sababu kizazi kipya huanguliwa wiki hadi wiki. Wengi huacha baada ya dozi ya kwanza wakiona mnyama ametulia. Wiki ya tatu upele unarudi na wao wanasema dawa ni feki. Matandiko yote yachomwe moto siku ya kila dozi.

Watoto wanaowabeba simbilisi hao wanaweza kupata vipele vidogo mikononi na tumboni. Vinawasha lakini huisha vyenyewe wanyama wakitibiwa. Utitiri huo hauzaliani kwenye ngozi ya mtu.

*Choa.* Haya ni maradhi ya kuvu, hayana mdudu, ila huwachanganya watu wengi. Huanza usoni: puani, kuzunguka macho, masikioni. Doa la mviringo halina nywele, lina ukoko mkavu, na mwasho ni mdogo au haupo. Ivermectin haifanyi chochote hapa. Huambukiza watu kwa urahisi, na yale mapunye ya kichwani kwa mtoto wa nyumba hiyo huenda yametoka bandani. Vaa glavu, mtenge mnyama, pata dawa ya kuvu.

*Utitiri wa manyoya.* Wapo pia utitiri wadogo wanaoshika katikati ya unywele bila kuchimba ngozi. Mara nyingi hawana madhara.

*Si mdudu kabisa.* Jike mwenye mimba kubwa hupoteza manyoya ubavuni, pande zote mbili sawasawa, ngozi ikiwa safi na bila mwasho. Akizaa yanarudi. Na simbilisi waliobanana hutafunana nywele: ukiangalia kwa karibu utaona zimekatwa kama kwa mkasi. Punguza idadi, ongeza majani makavu ya kutafuna.

Simama na umwite daktari wa mifugo kama mnyama anaanguka na kutetemeka, kama ngozi imepasuka na kutoa usaha, au kama jike mwenye upele ana mimba. Kwa hali yoyote usimtumbukize kwenye dawa ya josho la ng'ombe. Nimeona watu wakifanya hivyo asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita. Waliobaki hai baada ya dawa waliuawa na baridi. Dawa za matone za mbwa zenye fipronil ziache pia. Zinajulikana kuua sungura, na sioni sababu ya kumjaribia simbilisi.

Uvimbe wenye tundu katikati

Huku kwetu juu penye baridi ni nadra. Wanaoulizia ni wafugaji wa maeneo ya joto na unyevu, kama bonde la Kilombero na Pwani. Wanasema jipu limetoka mguuni au tumboni, lina tundu dogo, na ukilitazama kwa utulivu kuna kitu kinachezacheza.

Huyo ni funza wa yule inzi anayetufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje. Inzi jike hutaga kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo au kinyesi, na banda chafu ndilo hasa analolitafuta. Funza akianguliwa hujificha kwenye vumbi akingoja mwili wenye joto upite, hutoboa ngozi bila mnyama kushtuka, na hukaa humo siku 8 hadi 12 kabla ya kutoka mwenyewe. Panya ndio wenyeji wake wakuu porini. Simbilisi na mbwa ni mkate wa jirani.

Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu ili kumziba pumzi. Baada ya nusu saa hivi atatoa mkia kutafuta hewa, nawe utamvuta taratibu kwa koleo ndogo. Usimkamue. Akipasukia ndani, mwili wa mnyama huvimba vibaya, na simbilisi wa gramu 500 hana nafasi ya uvimbe wa namna hiyo. Safisha tundu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Wakiwa zaidi ya watano kwa mnyama mmoja, au akiwa mtoto, mpeleke kwa daktari.

Uvimbe ulio chini ya taya au shingoni, mgumu, usio na tundu, ni jambo jingine. Hilo huwa ni jipu la bakteria kwenye tezi. Usilitumbue nyumbani, maana usaha wake huambukiza banda zima.

Anaharisha

Hapa umri wa mnyama unakuambia nusu ya jibu. Pia tofautisha: simbilisi hutoa kinyesi laini na kukila tena moja kwa moja kutoka kwenye mwili wake. Hiyo ni kawaida yake na ni lazima kwake. Kuharisha ni pale makalio yamelowa na kunuka.

*Chakula.* Ndicho chanzo cha kwanza kwa wanyama wa umri wote. Majani yaliyokatwa na umande, kabichi tupu kwa siku mbili, au mabadiliko ya ghafla mvua ya kwanza inapoleta majani laini. Mrudishe kwenye majani makavu na maji safi kwa siku moja au mbili. Akirudi sawa, umemaliza.

*Koksidia.* Ikiwa wanaoharisha ni watoto wa wiki tatu hadi nane, waliotoka kuachishwa, wamejikunyata na manyoya yamesimama, na wengine wanakufa ndani ya siku chache, fikiria huyu, kijidudu kinachoishi utumboni. Wafugaji wa kuku wanamjua kwa kuhara damu, na hapo ndipo lawama inapowaangukia kuku bure. Koksidia wa simbilisi, Eimeria caviae, ni wake peke yake. Hawatoki kwa kuku wala hawaendi kwa kuku. Wanatoka kwa mama zao. Jike mkubwa huwabeba kimya kimya na kumwaga mayai yao kwenye kinyesi.

Kitu kimoja ukikielewa hapa utaokoa fedha nyingi. Yai likitoka na kinyesi, siku hiyo haliwezi kumwambukiza mnyama yeyote. Linahitaji siku kadhaa za unyevu na hewa ili likomae. Ukifagia banda kila siku, au angalau kila siku ya pili, unaliondoa kabla halijawa na meno. Ukifagia kila Jumamosi, unawalisha watoto mayai yaliyokomaa. Dawa za kuua vijidudu, pamoja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, haziyagusi. Yanakufa kwa maji yanayochemka, kwa ukavu na kwa jua kali. Sakafu ya mbao zenye nafasi au waya, iliyoinuliwa ili kinyesi kianguke chini, ndiyo tiba bora kuliko chupa yoyote dukani.

Kwa walioanza kuugua, daktari hutumia amprolium au dawa za jamii ya salfa kwenye maji. Zinafanya kazi zikitolewa mapema. Mnyama aliyeacha kula amechelewa. Kumbuka pia kwamba kutoka kumeza mayai hadi kuharisha hupita kama siku 11 au zaidi, hivyo usitafute kosa kwenye majani ya jana. Litafute kwenye usafi wa wiki mbili zilizopita.

*Antibiotiki uliyompa mwenyewe.* Naiweka ya tatu ingawa kwa uzito wa vifo pengine ingekuwa ya kwanza. Tumbo la simbilisi huendeshwa na bakteria wazuri, na wengi wao huuawa na penisilini. Wakifa, bakteria wabaya wanachukua nafasi na kutoa sumu. Mnyama huharisha na kufa siku chache baada ya sindano, huku mwenye mnyama akisema ugonjwa ulikuwa umeshamzidi. Penisilini, amoksilini, ampisilini, linkomaisini, klindamaisini: hizi zote ni marufuku kwa simbilisi. Streptomaisini ni sumu kwake moja kwa moja. Ile chupa nyeupe ya penisilini na streptomaisini kwa pamoja, inayotumika kwa ng'ombe kila kijiji, ina hatari mbili ndani ya chupa moja. Nilimpoteza dume wangu bora wa mbegu kwa chupa hiyo kabla sijajua.

*Salmonela.* Wakubwa na watoto wanakufa ghafla, majike yanaharibu mimba, wengine bila hata kuharisha. Ni bakteria, na panya wa darini huileta kwa kinyesi chao kwenye pumba. Hapa hakuna cha kujaribu nyumbani. Usiuze wanyama, usile nyama, nawa mikono kwa sabuni, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Na kwa chanzo chochote: simbilisi aliyekaa saa 12 bila kula kitu ni mgonjwa mahututi. Usimngoje hadi kesho kutwa.

Anakula lakini anakonda, watoto wanadumaa

Fungua mdomo kwanza. Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote, na yakipinda anatafuna hewa. Mate kidevuni ni dalili yake.

Baada ya hapo fikiria kiseyeye, kwa sababu simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C. Kinafanana na minyoo ajabu: manyoya machafu, kukonda, kutotaka kutembea. Kinachokisaliti ni viungo vya miguu vilivyovimba, na mnyama kupiga kelele ukimshika. Mwisho wa kiangazi, majani yote yakiwa makavu, nyumba inayolisha pumba tupu hukipata ndani ya wiki chache. Mahitaji yake ni kama miligramu 10 kwa kilo kila siku, na jike mwenye mimba hufikia 30. Kipande cha pera au cha pilipili hoho kila siku kinamaliza kazi. Kidonge kilichoyeyushwa kwenye maji ya kunywa hupoteza nguvu haraka, hasa chombo kikiwa cha chuma.

Minyoo inakuja baada ya hayo. Wanaofugwa juu ya udongo hupata mnyoo wa utumbo mpana unaoitwa Paraspidodera, mweupe, wa sentimita moja hadi mbili na nusu. Wachache hawaleti dalili. Wakiwa wengi, mnyama hudhoofika na kuharisha kidogo kidogo. Mayai yake hukaa kwenye udongo wenye unyevu, hivyo kuhamishia wanyama kwenye sakafu iliyoinuliwa kunafaa kuliko kurudia dawa. Fenbendazole, miligramu 20 kwa kilo kwa siku tano, ndiyo salama zaidi. Albendazole usimpe jike mwenye mimba, huharibu mimba.

Kisha kuna mnyoo bapa wa ini, na hapa nataka wenzangu wa vinyungu, yaani bustani za bondeni, wasikilize. Kiangazi tunakata majani mabichi bondeni, pembeni ya maji, kwa sababu ndiyo pekee yaliyobaki. Konokono wadogo wa pale humwaga vijidudu vinavyogandia kwenye majani yale yale. Ng'ombe mwenye minyoo hiyo anakonda polepole. Simbilisi ana ini dogo kama kiganja cha mtoto. Vijidudu vichache vikilitoboa anaweza kufa ghafla, damu imejaa tumboni, na hujawahi kumwona akiugua. Wafugaji wa milima ya Andes huko Peru, alikotoka mnyama huyu, wanapambana na mnyoo huo huo. Kata majani ya juu, mbali na maji. Ukilazimika kukata ya bondeni, yaanike juani hadi yakauke kabisa. Dawa yake, triclabendazole, ni ya kuelekezwa na daktari.

Umechinja, ini lina madoa

Minyoo bapa inayofanana na majani madogo ndani ya mirija ya nyongo: ini hilo litupwe, lakini ondoa hofu, mtu hapati mnyoo huo kwa kula ini. Anaupata kwa majani au maji ya bondeni, sawa na simbilisi. Malengelenge meupe yenye mnyoo uliojikunja ndani, ambayo hasa utayakuta kwa panya wa mwituni, ni watoto wa tegu wa paka, na yanakuambia kwamba paka anajisaidia karibu na malisho. Madoa ya njano na meupe yaliyosambaa kama ramani kwenye ini la panya yanaweza kuwa ya mnyoo mwembamba ambao mayai yake hubaki ndani ya ini mpaka mnyama aliwe au aoze. Ini la namna yoyote kati ya haya lichomwe moto au lifukiwe kwa kina. Kumtupia paka au mbwa ni kuuanza mzunguko upya.

Viroboto wengi ghafla

Kwa kawaida ni wa mbwa au paka wa nyumbani. Kukiwa na kuku ndani utawaona viroboto weusi waliojibana kuzunguka macho na masikio bila kurukaruka; hao ni wa kuku. Fagia, mwaga maji ya moto kwenye nyufa, tibu mbwa na banda la kuku. Simbilisi mwenyewe ndiye wa mwisho kutibiwa.

Lakini kuna hali moja ambayo hutakiwi kugusa ufagio. Ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba au shambani, wakubwa kwa wadogo, bila mtu kuweka sumu, na siku hizo hizo viroboto wameongezeka, ondoka hapo na utoe taarifa kituo cha afya na kwa afisa mifugo. Watu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa. Tauni iliingia kwao mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa miaka mingi. Ituri kule Kongo na West Nile kule Uganda wanaifahamu pia. Kiroboto huacha mzoga ukishapoa na kutafuta mwili mwingine, na wako uko karibu. Ndiyo maana katika maeneo hayo viroboto huuawa kwanza, panya baadaye. Usiokote mizoga kwa mikono, usiile, usiruhusu watoto kuichezea. Mtu akipata homa kali na mtoki wenye maumivu kinenani au kwapani, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na mhudumu aambiwe habari za panya. Tauni inatibika ikiwahiwa.

Kindi na panya buku

Kindi mchanga aliyeanguka kutoka kwenye mwembe huja na viroboto, kupe na pengine minyoo. Watoto humleta nyumbani kwa huruma. Mng'oe kupe kwa koleo, mtenge na simbilisi wako kabisa, usimpe dawa yoyote ya chupa ya ng'ombe. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo mwisho wa safari ni kumrudisha mtini alikotoka au kuwaona maafisa wa wanyamapori. Akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda zahanati.

Ndugu walioko Marekani nao hutuma picha za kindi wa kijivu wenye manundu makubwa mabegani mwishoni mwa kiangazi cha huko. Ni funza wa inzi mwingine, Cuterebra, na sura yake inatisha kuliko madhara yake. Funza akishakomaa huanguka, tundu linafunga, na kindi wengi huendelea na maisha. Kumkimbiza kwa wavu ili umtibu kunamdhuru zaidi. Kindi aliyepoteza manyoya mwili mzima, ngozi imekuwa nene na anatangatanga mchana bila woga, ana upele wa utitiri. Huyo waite wahudumu wa wanyamapori wa eneo hilo.

Kuhusu panya buku, swali huwa moja: "Nimemkamata, ana mende kwenye manyoya." Ukitazama vizuri utaona wadudu wa kahawia, bapa, wasio na mabawa wala macho, wa sentimita moja hivi, wanaoteleza kati ya nywele kwa kasi. Wanaitwa Hemimerus na huishi kwa buku na jamaa zake wa karibu tu, wakila magamba ya ngozi na kuvu. Hawanyonyi damu na hawatahamia kwa simbilisi. Kwa hao, rudisha chupa kabatini.